Chachu

Uvimbe niliugundua mimi, si daktari:
shingoni, chini ya sikio, kama punje ya mbaazi
iliyosahaulika ndani ya donge.
Miaka ishirini na sita nimekanda unga wa rai,
vidole vyangu vinakijua kitu kisichochanganyika.

Limfoma, akasema. Nikamwomba alirudie neno.
Lilikuwa laini mno kwa kazi yake.

Mizunguko sita. Dawa moja nyekundu
kama supu ya bitiruti ya mama.
Nywele zilitoka Jumapili, bafuni,
nikaziokota moja moja zisije zikaziba bomba la mwenye nyumba.
Machi ugonjwa ukaondoka. Juni ukarudi bila hodi,
kama mtu aliyesahau mwavuli wake.

Basi wakasema: tutakuvuna.
Ndilo neno walilotumia.
Saa tano kitini, damu ikitoka mkono huu,
ikizunguka mashineni, ikirejea kwa mkono ule,
na mashine ikidokoa seli shina kidogo kidogo
mpaka ukajaa mfuko mmoja, rangi ya nyanya iliyotiwa maji.
Muuguzi Bogumiła aliandika juu yake: Halszka, na tarehe,
akaupeleka kwenye baridi isiyo na jina la mwezi.
Nikamwambia, hata sisi waokaji hufanya hivyo,
kila usiku kijiko kimoja cha chachu kando;
tanuri likiunguza vyote, kijiko hicho ndicho duka.
Akacheka. Hakujua kwamba nilikuwa nasali.

Kisha siku sita za kuua
mpaka cha kuuawa kiishe.
Nilimumunya barafu, nusu saa kabla, nusu saa baada,
ili mdomo usichubuke.
Ukachubuka.
Kumeza mate kukawa jambo la kupangia ratiba.

Siku ya sifuri, hivyo ndivyo wanavyoihesabu,
mfuko ukarudi ukifuka moshi wa baridi.
Dakika kumi na tisa tu.
Redio ya koridoni ilikuwa ikisoma matokeo ya ligi daraja la pili.
Kaka yangu Ziemowit, macho matupu juu ya barakoa,
akasema: unanuka mahindi ya kopo.

Nimshukuru nani? Mfadhili ni mimi.
Yule wa Septemba, aliyekuwa bado na nyusi,
alimwekea akiba huyu wa Novemba
asiyeweza kushika kijiko.
Akiba haiozi, husemwa. Sikuwa na hakika.

Chumba cha pili alikuwamo msichana, Oktawia,
hatukuwahi kuonana.
Usiku aligonga ukuta mara mbili: nipo.
Nami mara mbili.
Siku ya tisa hakugonga.
Amehamishwa, wakaniambia. Sikuuliza wapi.
Nililihitaji neno lile libaki kama lilivyo.

Ubaoni, chembe nyeupe: sifuri. Sifuri. Homa. Sifuri.
Siku ya kumi na moja, nukta mbili.
Bogumiła akaipigia mstari.
Zimeumuka, nikasema.
Akadhani ni homa inayosema.

Nyumbani Ziemowit alikiri kabla hajavua koti:
chachu ya bibi imekufa kwenye friji,
imeota ukungu wa waridi, alisahau kuilisha,
alikuwa hospitali kila siku.
Na hata ingekuwa hai nimekatazwa,
unga, hamira, ukungu, miezi sita.
Nilicheka mpaka midomo ikapasuka upya.

Sasa ni Februari. Alfajiri natembea hadi dukani,
nasimama upande wa nje wa kioo.
Ndani, mwanafunzi wangu Dobrosława anatoa mikate
kwa chachu aliyoomba kwa mshindani wetu ng'ambo ya mto Brda.
Ananiona. Anachukua mkate, anaupindua,
anaugonga kitako kwa kidole, kama nilivyomfunza,
kusikiliza kama umeiva.
Mara mbili.
Kioo ni kinene, sisikii kitu.
Navua glavu, nagonga.