Meno Yasiyotoboa

Vibanio vya mishipa, Daktari Namegabe huviita mbwa wadogo.
Wako wanne, kila mmoja urefu wa kidole changu cha mwisho,
na mimi, Cibalonza, ndiye mchungaji wao.
Nawaosha, nawapika kwa mvuke,
nawalaza kwenye trei juu ya kitambaa cha kijani,
na kabla ya yote najaribu springi ya kila mmoja
kwenye ngozi laini kati ya gumba na shahada.
Akiniuma sana, hafai.
Asiponiuma, hafai.

Umewahi kumwona mbwa akihamisha watoto wake
mvua ya Bukavu inapoingia chini ya ngazi?
Humshika mwana kwa meno yaleyale ya kuvunjia mfupa,
na mwana hupandishwa kilima, hana hata alama.
Ndivyo mshipa unavyotaka kushikwa.

Alhamisi walimleta Mugisho, fundi wa mabati, kutoka Kadutu.
Bati lilikuwa limeteleza juu ya paa
likamkata ndani ya kiwiko, pale pa kupimia presha.
Wenzake walikuwa wamemfunga kwa mshipi wa suruali,
mkono umeshakuwa rangi ya jivu.
Wanasema damu ni nzito kuliko maji.
Waliosema hawajapiga deki chumba chetu.

Mbwa wa kwanza, juu ya jeraha.
Wa pili, chini.
Wa tatu kwenye tawi moja dogo lililokuwa na kiburi.
Ile kelele nyekundu ikanyamaza
kama bomba Bashige anapofunga valvu.
(Bashige ni mume wangu, kazi yake maji,
na mtaa mzima humtukana hadi mama yake
kila anapofunga ili aunge.)
Nikaandika saa ubaoni kwa chaki: nne na dakika kumi.
Kuanzia hapo mkono unaishi kwa mkopo.

Dakika ya kumi na tisa umeme ukaondoka.
Jenereta ikakohoa, ikakataa.
Tukawasha simu tatu, yangu ikiwa na asilimia nane,
daktari akaendelea kushona kwa uzi
ambao hata mchana mimi siuoni,
na wale mbwa, gizani, hawakutikisika,
hawakuuliza nani hajalipa bili.
Nikasema: thelathini.
Nikasema: arobaini na moja.
Hayo ndiyo maneno yangu yote katika kazi hii.

Kufungua kuna adabu yake.
Wa chini kwanza, damu irudi nyuma kidogo,
ifukuze hewa, iteme uchafu mlangoni;
kisha wa juu, polepole,
kama unayemwamsha mgeni.
Bashige naye husema bomba hukohoa kwanza,
halafu maji ya kahawia, halafu maji.
Tukaangalia vidole. Hakuna.
Daktari akamwagia maji ya chumvi ya uvuguvugu.
Hakuna.
Halafu ukucha wa gumba ukaona haya,
ukafuata wa shahada, wa kati,
kama wasichana wanaochekeshana kanisani.

Nikahesabu: mmoja, wawili, watatu.
Wa nne, ambaye hata hakutumika, hayupo.
Tulimtafuta chini ya meza, ndani ya vitambaa,
daktari anatokwa jasho, sindano mkononi,
hawezi kufunga ngozi bila neno langu.
Alikuwa amening'inia kwenye pindo la aproni yangu,
ameniuma nisijue.

Paa letu linavuja upande wa jikoni.
Mwezi uliopita nilishuka sokoni kununua misumari ya bati
na muuzaji alikuwa Mugisho; paani hapandi tena.
Hakunijua. Angenijuaje?
Alinipimia kilo moja, akafunga kwa karatasi,
akanipa chenji kwa mkono ule,
vidole vina joto, vina kutu, vina haraka.
Nilihesabu mara mbili, ni mazoea.
Zilipungua faranga mia mbili.
Nikaenda zangu.