Utoro wa Maji

Jina langu Mchanga binti Shaame,
na kazi yangu, kila asubuhi,
ni kuutafuta mchanga ndani ya maji.

Nashuka nyuma ya tuta la Kinazini,
huku chini, upande usiopigwa picha,
penye bomba la saruji jembamba kama paja la mtoto.
Natega dumu la lita tano nililolikata shingo,
nabonyeza kitochi changu, nahesabu.
Sekunde thelathini na nane.
Naandika. Kisha nachota kwenye gilasi,
nainua juani:
meupe.
Nalipenda neno hilo kuliko majina ya wanangu.

Watu husema ufa uzibwe.
Huu wetu hauzibwi, unasikilizwa.
Bwawa la udongo halina budi kutoka jasho,
alinambia baba, naye aliambiwa na aliyelijenga.
Ubaya si jasho, ubaya ni jasho lenye rangi.
Siku yakitoka na wekundu
jua tuta limeanza kujila kwa ndani,
kimya,
kama mgonjwa wa sukari anayejibu sijambo.

Basi nang'oa mipera iliyojiotea mgongoni mwake.
Nafukia mashimo ya kaa.
Nafukuza mbuzi wa Bi Riziki,
naye hunifukuza mimi kwa maneno.
Mwaka juzi alikuja mhandisi kutoka Chake,
viatu vyake vikaogopa tope,
akaandika "hali nzuri" akiwa garini.
Karatasi ile ipo. Sheha ameitia fremu.

Kando, mkono wa kulia, kuna mlango usio na mlango:
mfereji wa mawe, bwawa likijaa lipate pa kutokea.
Mafundi wanauita utoro wa maji.
Kila abebaye mzigo apewe pa kutorokea,
la sivyo atatokea ukutani.

Kiangazi kilipotubana, ndugu yangu Asaa,
tumbo moja, ziwa moja,
akaujaza utoro magunia ya mchanga
ili maji yapande shibiri mbili, mpunga wake unywe.
Nikamkataza. Akacheka:
"Mchanga kwa mchanga, mnaoneana wivu?"
Kijiji kikamshukuru.
Mabomba yakacheka naye, mpaka birika la msikiti.

Masika ikaingia bila hodi.
Usiku wa tatu, mvua ya kuezua mapaa,
nikasimama na taa juu ya tuta.
Upande mmoja maji yalikaribia vidole vyangu.
Upande wa pili, chini, mbali,
dirisha moja lilikuwa na mwanga:
kituo cha afya, wodi ya wazazi,
mtu anazaliwa chini ya bwawa.

Nikashuka utoroni. Gunia la kwanza lilinigomea.
La pili nikalichana kwa kisu cha samaki,
likanimwagia jina langu lote mapajani.
Kwenye la tano nikahisi mkono mwengine kando ya wangu.
Asaa. Hakusema kitu. Wala mimi.
Tukavuta, tukavuta,
mpaka maji yakatoroka yakipiga vigelegele.

Asubuhi watu wakaja kulitazama bwawa lililopungua.
"Maji yote yale, bure!"
Bi Riziki akauliza nani atayarejesha.
Tuta lilikuwa pale pale, na mbuzi wake juu yake.
Nani hushukuru kwa lisilotokea?
Lisilotokea halina kaburi,
halina siku ya kusomewa hitma.

Nikashuka nyuma, viganja vimechubuka, nikatega dumu.
Sekunde thelathini na moja.
Gilasi nikaiinua: kiwingu chembamba,
kama pumzi kwenye kioo.
Nikangoja. Nikamwaga. Nikachota tena.

Jumatano, nimeandika. Meupe.
Na mbele ya neno hilo, alama ya kuuliza.
Kesho nitarudi kuifuta,
au kuikoleza.