Vichupa Viwili

Miezi ishirini Dilwyn amepanda baiskeli ya binti yake,
magoti yakigonga usukani, mvua ya Llanelli ikimchapa mgongo,
ndoo ya plasta ikining'inia.

Leo ni zahanati. Daktari hamjui, wala hana mengi:
Unakunywa?
Nilikunywa.
Nyoosha mikono. Vidole vimetulia
kama vya mtu anayesubiri kupigwa picha.
Anabonyezwa ini. Anatolewa damu,
vichupa viwili, vifuniko vyekundu.

Ulimi wake aliuzoeza uongo miaka kumi na mmoja,
kwa Nerys, kwa bosi, kwa polisi wa usiku ule
ukuta wa shule ulipomsimamisha.
Damu hakuifundisha.
Husemwa damu ni nzito kuliko maji;
yake leo inapimwa: nzito kuliko nini?

Majibu kwa posta, wiki tatu.
Anashusha mkono wa shati.

Nje, injini inanguruma, Nerys kwenye usukani.
Dilwyn anajisahau, anaushika mlango wa dereva,
kisha anazunguka.
Anafunga mkanda. Anabana pamba kiwikoni.

"Taa ni ya kijani," anasema.
"Naiona."