Moto Usiokaa

Mjomba Masalu aliziba sufuria Mlango Mmoja
miaka thelathini na moja,
na tundu kubwa kuliko yote alilitoboa mwenyewe,
siku aliyogeuka kumwitikia mtu salamu
lehemu ikiwa motoni.
"Moto ni mgeni," huniambia.
"Msindikize kabla hajavua viatu."

Leo amekuja Nyegezi, ghorofani,
amevaa miwani ya kijani niliyomwazima,
aone kazi inayonilipa.

Wino huu ni fedha, mjomba.
"Fedha? Mbona rangi ya chai kavu?"
Ni ya kuchorea, si ya kuhesabu.
Panga chembe zake foleni, elfu moja,
hazivuki unene wa unywele.
Kila moja imevaa koti la mafuta,
zimelala jiwe juu ya jiwe kama mlima wa Mabatini:
zimegusana, hazijashikana,
na umeme ukifika hapo husimama
kama mgeni asiyejua ngazi ipi inapanda kwa nani.

Chini yake plastiki, laini kama mfuko wa karanga.
Iweke jikoni, itajikunja
kabla fedha haijaamka.

Kwa hiyo nawasha leza, napiga.
Pigo fupi, fupi hata mwanga wenyewe,
na mbio zake zote,
ndani yake haumalizi unene wa unywele ule ule.
Joto linaingia kwenye fedha,
linataka kuteremka kwenye plastiki;
limeshaagwa.
Pigo jingine. Maelfu.
Chembe hazigeuki uji, mjomba. Zinaota shingo,
hii kwa ile,
na chai inang'aa nyuma ya mwanga unapopita.

Umeme ukakatika. Jumanne, bila shaka.
Tukakaa gizani, mstari umefika nusu,
yeye akinihadithia bei ya bati enzi zake.

Uliporudi nikashika mita.
Upande wa chai, kimya.
Upande wa fedha: piii.

"Sasa hii inaziba nini?"
Haizibi. Ni kiraka cha kifuani kwa mtoto njiti,
kipige kelele akianza kupoa.

Akakigeuza, akakinusa, kama anavyonusa sufuria ya mtu.
"Kiraka," akasema. "Kumbe ni kiraka tu."

Nje, alisimama akatazama kilima,
majabali yaliyobebana tangu hatujazaliwa.
"Yale hayana shingo," akasema,
"na hayajaanguka."

Sikuwa na jibu.
Akaondoka na miwani yangu.