Swali la Ishirini na Nne

Mlango wa tatu leo. Matope ya Novemba
yamenipanda mpaka magotini,
na kishikwambi kimebakiza chaji asilimia tisa.
Nabisha. Mbwa ndiye anayejibu kwanza,
kisha Bronislava, miaka themanini na mmoja,
mkono mmoja una unga, mwingine umeshika kitasa.

"Ni utafiti," nasema. "Nchi arobaini,
maswali yale yale, kwa maneno yale yale."
"Yale yale kwa lugha gani?"
Nameza mate. Yeye husali kwa Kilatgale,
huteta na wauza samaki kwa Kirusi,
nami nimemletea Kilatvia cha Riga, kimepigwa pasi.

Swali la ishirini na nne:
*Kwa ujumla, ungesema watu wengi wanaaminika,
au mtu hana budi kujihadhari nao?*
Hafikirii hata kidogo. "Kujihadhari. Andika."
Nagusa namba mbili.
"Andika kwa wino."
Namwambia hakuna wino.
"Unaona sasa."

Halafu anavaa mabuti.
"Uangalie huo mkate, usiungue.
Nakwenda kumkamua ng'ombe wa Zenons,
amelazwa Rezekne tangu Jumanne."
Mlango unafungwa. Nimebaki
na jiko la kuni, na saa ya ukutani iliyosimama,
na pensheni ya mwezi mzima mezani,
noti zimelaliwa na kopo la chumvi,
mimi, mgeni asiyejua hata jina langu la ukoo.

Ukutani kuna picha ya mvulana mwenye kofia kubwa.
Nyuma yake, kwa penseli: Machi, arobaini na tisa.
(Ndiyo, niliigeuza. Hilo pia halina kisanduku.)

Anarudi na ndoo, mvuke unamtoka begani.
"Tumefika wapi?"
*Una imani kiasi gani na majirani zako?
Kubwa, ya wastani, ndogo, huna kabisa.*
Ananimiminia maziwa, yangali na joto la mnyama.
"Baba yake Zenons ndiye aliyeandika jina."
"Jina gani?"
Ananyoosha kidevu kuelekea kwenye picha.
Kimya. Kuni inapasuka jikoni.
"Weka wastani."

Huko Gent, Wouter atatujumlisha.
Nimewahi kuuona mchoro wake: kila taifa ni nukta,
sisi kushoto, chini, tumejikunyata,
na watu wa kaskazini wametawanyika juu kama waliokwisha kula.
Simbezi. Ukibisha milango elfu moja
kitu cha kweli hubaki kwenye chekeche.
Nukta haisemi uongo.
Inasema kidogo, basi,
na watu wa magazetini huiongezea mdomo:
*taifa baridi, taifa lenye kinyongo.*

Mwisho wa dodoso pana nafasi ya maoni ya mhoji,
herufi mia mbili, wengi huiruka.
Asilimia mbili za chaji. Naandika upesi:
*Mhojiwa alitoka kwa dakika ishirini na tano.
Mkate haukuungua.*