Hesabu ya Stoo

Waraka ulifika Jumatatu, umepigwa muhuri mara mbili:
kwa kuzingatia hali ya dunia
kila ghala lihesabiwe upya, msumari kwa msumari.
Nikafungua makufuli matatu.
Vumbi la Dodoma likaingia kwanza,
kama kawaida yake, bila kitambulisho.

Miaka kumi na tisa natunza stoo hii, njia ya Kondoa.
Masanduku nayajua kwa maandishi nisiyoweza kuyasoma:
giaboksi zina herufi zilizogeuziana mgongo,
betri za redio zina vijumba vidogo vyenye paa na milango,
mahema yametoka kwa yule wa tatu,
ambaye hakupi hema
mpaka mpigwe picha mmeshikana mikono.
Kwenye rafu wamekaa bega kwa bega,
hawajagombana hata usiku mmoja.
Sasa wenye viwanda wanatazamana kupitia mitutu,
huko ambako niliona, kwenye simu ya mlinzi,
kifaru kimezama katikati ya alizeti.

Nilidhani ni Kongwa!
Vichwa vile vile, vimeinama upande mmoja
kama waumini wanaosubiri sadaka ipite.
Mpaka akatokea mkulima wao, kavaa koti zito,
anaokota chuma shambani mwake
jinsi sisi tunavyookota mawe.

Wiki ile mama, kule Mvumi,
aliuza dumu la mafuta kwa bei aliyoona haya kuitaja.
Akacheka mpaka akakaa chini.
Wiki iliyofuata akapeleka uwele mashineni;
dizeli nayo ilikuwa imesikia habari za vita.
Akarudi na debe kichwani, halijasagwa.

“Koplo Ndahani,” akauliza Luteni Kasoga,
“tukikatiwa vipuri, tunasimama siku ngapi?”
Filta kumi na moja, afande. Malori arobaini.
Hesabu hiyo haihitaji mwalimu.
Na safu ya mwisho, Wapi pa kuagiza, nimeiacha wazi:
ukimwagiza huyu, yule anakuuliza una nini naye;
ukinyamaza, wote wawili wanakuandika daftarini.

Msinitajie tembo na nyasi.
Mithali hiyo tumeifanyisha kazi hadi imekonda,
na huku kwetu, mwezi wa kumi,
nyasi zenyewe ziko wapi?

Mimi namkumbuka Mbeleje, aliyemzaa babu wa baba yangu.
Mjerumani alimtwika sanduku, akatembea nalo
hadi ngozi ya utosi ikawa ngumu kama kwato.
Mjerumani alipokimbia, Mwingereza alikuwa na masanduku yake.
Ng'ombe wakaswagwa, uwele ukabebwa na mbegu zake,
mvua nayo ikachagua mwaka huo huo kutoonekana.
Vita havikuwa vyetu hata herufi moja.
Njaa ilikuwa yetu yote,
tukaipa jina kwa kinywa chetu: Mtunya.
Watu walinyang'anyana ngozi za kulalia, wakazichemsha.
Hakuna waraka uliotangulia kututaka tujiandae.

Ndiyo maana mama hasikilizi redio akisubiri mvua.
Anasikiliza nani anamtukana nani ng'ambo,
kisha anakwenda kukandika kihenge upya,
samadi na udongo, kiganja baada ya kiganja,
pale penye ufa anaweka na kidole gumba.

Chini ya fomu kulikuwa na mistari miwili, Mengineyo.
Sijui ni uchovu au ni utovu wa nidhamu. Niliandika:
Kihenge, kimoja. Mahali: Mvumi.
Mtunzaji: Sechelela, hana cheo.
Hali: kimejaa hadi shingoni.

Luteni alisoma akiwa amesimama.
Akachomoa kalamu nyekundu, mkono ukabaki hewani.
Nje, vijana wapya walikuwa wanahesabu hatua,
kushoto, kulia, vumbi likiwafuata bila kupewa amri.

“Futa hii,” akasema.
Akafika mlangoni, akageuka.
“Uwele wa mwaka gani?”