Somo la Saba, Dundee

Ubao wa kupigia pasi ndio meza yangu.
Barakoa inakauka dirishani, nje mvua ya Dundee,
saa kumi na moja alfajiri.

Kule Iringa kumeshakucha. Wahadhiri kumi na tisa,
visanduku vyeusi, majina tu.
"Mnanisikia?"
Kimya. Kisha jogoo wa mtu.

Profesa Mwakalukwa, miaka thelathini ya chaki,
anauliza: "Nikitania,
nitajuaje kama wamecheka?"

Slaidi yangu haina jibu.

Nyamizi kapanda juu ya tangi la maji
kuusaka mtandao.
Anasoma swali lake, bando linakatika:
"Je, hii tath—"

Tunangoja. Chai yangu inapoa.

Anarudi akihema: "—mini."

Maikrofoni zinafunguka, moja, nyingine,
vicheko.

"Ahaa," asema Profesa.